Dondoo muhimu: Mbwa wako ni mzima?

Mtazame asubuhi unapomfungulia. Mbwa mzima hujinyoosha, hutikisa mkia na kukimbilia bakuli. Akinusa chakula kisha akarudi kulala, usiseme anadeka. Inua mdomo wake wa juu uone ufizi. Wa waridi ni dalili njema. Kama ni mweusi kwa asili, tazama ndani ya kope la chini. Pakiwa peupe, huenda kupe au minyoo wamemmaliza damu: mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

Akiwa amelala, pumzi 10 hadi 30 kwa dakika ni kawaida.

Mpole aliyegeuka mkali ghafla, anayetokwa udenda na kushindwa kumeza, msimguse kabisa. Huenda ni kichaa cha mbwa. Iteni ofisi ya mifugo.