Mgeni Mzee Katika Mji Mkubwa: Somo la Kiswahili Kati ya Lubumbashi na Dar es Salaam

1. Utangulizi

Mama mkubwa wangu ana miaka 68. Alifundisha shule ya msingi hapa Lubumbashi hadi alipostaafu. Mwanawe wa kwanza anaishi Dar es Salaam, katika mtaa wa Kurasini karibu na bandari, ambako anashughulikia mizigo inayopita kati ya Katanga na Bahari ya Hindi. Mwishoni mwa mwaka uliopita alimwomba mama yake aende kula Noeli kwake, nami nikapewa kazi ya kumsindikiza. Tulipita Kasumbalesa, tukavuka Zambia, tukaingia Tanzania kwa mpaka wa Tunduma. Tulifika tarehe 9 Desemba, sikukuu ya Uhuru wa Tanganyika. Tuliondoka kesho yake ya tarehe 12 Januari, sikukuu ya Mapinduzi ya Zanzibar. Tulikaa majuma matano kamili.

Katika makala hii ninaichukua safari hiyo kama uwanja wa uchunguzi mdogo. Swali ni hili: mzee anayesema Kiswahili cha Lubumbashi anapokaa muda mrefu katika mji wa Kiswahili cha pwani, ni nini kinamkwamisha, ni nini kinamsaidia, na sisi tunaosoma lugha tumsaidie vipi? Nakiri mapema kwamba mimi nilimsaidia vibaya.

2. Salamu na umri

Asubuhi ya kwanza watoto wa jirani walimwambia, "Shikamoo, bibi!" Mama mkubwa akajibu kwa furaha, "Jambo, batoto!" Watoto wakabaki wamesimama wakimtazama.

Kwa kanuni za pale, shikamoo hutoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa, na mkubwa hujibu marahaba. Bila jibu hilo salamu haijafungwa, ni kama mlango ulioachwa wazi. Kwetu "jambo" yatosha kwa watu wa umri wote. Heshima hubebwa na neno linalofuata: "jambo, mama", "jambo, baba". Huko Dar es Salaam "jambo" tupu ni salamu wanayopewa watalii. Wenyeji huulizana "hujambo" na kujibu "sijambo", au hutaka habari za nyumbani na za kazi.

Kosa langu lilikuwa kubwa kuliko lake. Nilimwamkia mzee mmoja wa mtaani, "Mambo!", neno nililolipata katika nyimbo za vijana. Mzee hakunijibu. Mama mkubwa alikuwa na heshima bila neno lake. Mimi nilikuwa na neno bila heshima yake. Yeye alijifunza marahaba siku hiyohiyo. Mimi nilichukua siku tatu kuzoea shikamoo.

3. Ba- na wa-, bi- na vi-

Katika juma la pili tuliingia duka moja la nguo mtaani. Mama mkubwa alishika vitambaa akauliza, "Hii bikwembe ni bei gani?" Muuzaji, kijana wa kama miaka ishirini, akasema, "Bi-nini?" Wateja wawili wakacheka. Mimi nikajitia mbele: "Anauliza bei ya vitenge." Kijana akasema kwa utani, "Mama, Kiswahili chako kimevunjika." Nami nikacheka pamoja nao.

Tangu siku hiyo mama mkubwa alinyamaza. Nyumbani alisema na mwanawe kwa Kifaransa. Njiani alinionyesha kitu kwa kidole, nami nikauliza bei.

Tuchunguze basi lile lililochekwa. Katika Kiswahili cha Lubumbashi, watoto ni batoto na vitu ni bintu. Mtu ni mutu au muntu, na wengi wao ni bantu. Tofauti hizi zina mpango. Kiambishi ba- kinashika mahali pa wa-, bi- mahali pa vi-, na mu- inabaki na irabu yake. Vivyo hivyo sokoni ni ku soko, na nyumbani ni ku nyumba au mu nyumba. Msemaji hatupitupi maneno ovyo. Anafuata kanuni ambazo jirani zake wote wanazifuata. Kiluba kina ba- na bi-, Kibemba nacho kina ba-, na lugha hizo ni za watu wengi waliojenga mji huu tangu ulipoanzishwa mwaka 1910 na migodi kuita wafanyakazi kutoka pande zote.

Tena, wataalamu wanaolinganisha lugha za familia yetu wanaona kwamba kiambishi cha kale cha ngeli ya watu kilikuwa na sauti ya b. Jina ambalo Wilhelm Bleek aliipa familia hiyo katika karne ya 19 ni Bantu, wala si Watu. Kwa hiyo neno ambalo mama mkubwa angechekewa dukani ndilo linaloandikwa juu ya majalada ya vitabu vyetu vya isimu.

4. Mji wenyewe unasemaje?

Binamu yangu alipoona mama yake amenyamaza, alitupeleka kutembea. Tulivuka kwa pantoni hadi Kigamboni na kurudi. Tulipanda mwendokasi, mabasi yenye njia yao wenyewe yaliyoanza kazi mwaka 2016. Tulizunguka Kariakoo hadi miguu ikachoka.

Jina Kariakoo lina fundisho. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walikuwa na kikosi cha wapagazi kilichoitwa Carrier Corps, na mahali hapo palihusiana nacho. Masikio ya watu yakalipokea jina hilo na ndimi zikalipa irabu zake: Kariakoo. Leo hakuna anayesema kwamba Kariakoo ni Kiingereza kilichovunjika. Ni jina la soko ambalo nchi nzima inalijua.

Katikati ya mji ipo sanamu ya Askari, iliyozinduliwa mwaka 1927 kwa kumbukumbu ya askari na wapagazi Waafrika wa vita hiyo. Ina maandishi kwa Kiingereza na Kiswahili. Mama mkubwa alisoma ya Kiswahili polepole, kwa sauti, bila kukwama. Alikumbuka kwamba jeshi kutoka Kongo nalo lilifika hadi Tabora mwaka 1916, nalo pia lilibebewa mizigo na wapagazi.

5. Kiswahili bora kanisani

Siku ya Noeli tulikwenda misa katika kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, mbele ya bandari. Hapo niliona jambo ambalo darasa lilikuwa halijanionyesha. Mama mkubwa aliitika sala zote pamoja na wenyeji, wa- na vi- zikiwa mahali pake. Kumbe anacho Kiswahili tunachokiita Lubumbashi "Kiswahili bora", kile cha kanisani na cha vitabu. Anacho kile kingine pia, cha soko, cha jirani na cha jikoni. Msemaji wa namna hiyo anamiliki mitindo miwili na kuchagua kulingana na mahali. Dukani alichagua mtindo anaoutumia katika maduka yote ya maisha yake. Mimi niliyemcheka nilikuwa na mtindo mmoja wa darasani, nao sijaumaliza.

6. Bonane na tarehe 4 Januari

Mwaka mpya, watoto wa jirani walikuja na "Heri ya Mwaka Mpya!" Mama mkubwa akajibu, "Bonane!" Wakauliza maana yake. Akawaeleza kwamba ni Kifaransa kilichopokelewa Kongo kikawa chetu. Walikuwa katika likizo ya shule, na mwalimu hastaafu mbele ya watoto. Kuanzia siku hiyo walikaa naye barazani wakihesabu kwa Kifaransa.

Tarehe 4 Januari alivaa nguo yake nzuri akakaa barazani. Jirani, mama wa watoto wale, akamuuliza kama kuna sherehe. Mama mkubwa akamweleza kwamba kwetu ni siku ya kuwakumbuka mashahidi wa uhuru. Alisimulia habari za Léopoldville, Kinshasa ya leo, mwaka 1959: mkutano wa chama cha ABAKO uliokatazwa, hasira ya watu, na waliouawa. Alisimulia kwa Kiswahili cha Lubumbashi kitupu: "Bantu balikatazwa kukutana, balikasirika, na basoda balipiga masasi."

Nilifungua kinywa nitafsiri. Mama mkubwa alinitazama tu, nikakifunga. Jirani alisikiliza hadi mwisho, akauliza neno moja peke yake: "Basoda ndio nani?"

"Ni askari," akasema mama mkubwa, "kama yule wa sanamu."

Jirani akamwambia, "Pole sana, mama." Hakuna kilichopotea njiani.

Jioni mama mkubwa aliniita. "Siku ile ku duka," akasema, "miye niliuliza bei. Sikuuliza mukalimani." Nilimwomba radhi, na ilinipasa.

7. Hitimisho

Tumejifunza mambo matatu. Kwanza, kilichomkwamisha mgeni mzee hakikuwa sarufi. Alikwama kwenye salamu, ambayo alijifunza kwa siku moja, na kwenye kicheko, ambacho kilimnyamazisha kwa majuma. Pili, muda mrefu ulimsaidia. Mtalii wa siku tatu angerudi na aibu ya dukani; majuma matano yalimpa Noeli, Bonane, watoto wa kufundisha na jirani wa kumsikiliza. Tatu, Kiswahili cha Lubumbashi chaweza kubeba historia. Kitabu cha habari za mji wa Elisabethville, kilichoandikwa mwaka 1965 kwa Kiswahili hicho kwa niaba ya watumishi wa nyumbani wa zamani, kimetolewa na kuchunguzwa na Johannes Fabian. Tusikionee haya sisi wenye nacho.

Kiswahili sanifu tujifunze, tena vizuri, maana kinatufungulia vitabu na nchi jirani, na tangu mwaka 2022 Kongo imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Lakini mzee anapouliza bei, tumwache ajibiwe.

Maswali ya kujadili

a) Taja maneno matano ya nyumbani kwenu yenye ba- au bi-, na ueleze kanuni inayoyaongoza.

b) Mzee mgeni anapochekwa mbele yako, utasema nini, na kwa Kiswahili kipi?

c) Linganisha "shikamoo" na salamu ya heshima katika lugha ya wazazi wako.