Mume na Mke Mbele ya Uamuzi wa Pumzi

SOMO LA FAMILIA
Maandiko ya kusoma kwanza: Kutoka 17:8-13, Marko 10:46-52, Wafilipi 1:20-26

Baadhi ya ndugu zetu waliohamishiwa nchi ya tatu hukutana hospitalini na swali zito, kisha hupiga simu huku kuomba shauri. Mume au mke ana ugonjwa usiopona, pumzi inamwishia, na daktari anauliza: atobolewe shingo ili asaidiwe na mashine ya kupumua, au la? Tujifunze pamoja, ili simu hiyo ikija tusijibu kwa pupa.

1. Ugonjwa wenyewe
Tunazungumza juu ya ugonjwa uitwao ALS. Huu huua neva zinazoamuru misuli. Huanza kidogo: mkono unadondosha kikombe, mguu unajikwaa, au ulimi unakuwa mzito. Baadaye mtu hushindwa kutembea, kusema, kumeza, na mwisho kupumua. Wengi hufariki kati ya miaka 2 na 5 tangu dalili zianze. Hauambukizi, wala si kazi ya mchawi. Wengi hubaki na akili timamu hata sauti ikiisha, lakini kwa baadhi yao akili na tabia huguswa pia. Kwa hiyo mazungumzo yasicheleweshwe.

2. Kazi ya tundu la shingoni
Mara nyingi madaktari huanza na mashine yenye barakoa ya usoni. Isipotosha tena, kuna upasuaji uitwao trakeostomia: hutobolewa tundu mbele ya shingo, bomba huingizwa, na mashine husukuma hewa. Njia hii yaweza kuongeza miaka ya kuishi, lakini haisimamishi ugonjwa. Wengine hufika mahali pa kubaki na macho tu ya kusemea. Makohozi lazima yavutwe kwa mpira mchana na usiku, umeme usikatike, na aliyefundishwa kazi hiyo awe karibu saa zote. Hapa makazini hatuna huduma ya namna hiyo, na tuseme hivyo wazi, ili mgonjwa wetu asipewe tumaini la uongo.

3. Mfano wa Jane Hawking
Stephen Hawking, mwanasayansi wa Uingereza, aligundulika na ugonjwa huu mwaka 1963 akiwa na miaka 21. Jane, mwanamke Mkristo, aliolewa naye mwaka 1965 huku akijua. Mwaka 1985, akiwa Uswisi, mume alishikwa na nimonia, akawekwa kwenye mashine, hajitambui. Madaktari walimwuliza mkewe kama izimwe. Alikataa. Mume alirudishwa Cambridge kwa ndege, akatobolewa shingo, na hakusema tena kwa sauti yake. Alijifunza kusema kwa kompyuta, akamaliza kitabu kilichotoka 1988, akaishi mpaka 2018.

Lakini tusiishie hapo. Nyumba yao ilihitaji wauguzi saa 24, waliolipwa kwa msaada wa shirika la Marekani. Ndoa nayo haikudumu: walitengana mwaka 1990. Tena ugonjwa wake ulikwenda polepole isivyo kawaida, hivyo miaka yake isiwe kipimo cha kila mgonjwa. Tunachojifunza ni kwamba Jane alisimama peke yake mbele ya swali ambalo mumewe hakuweza tena kulijibu.

4. Neno la Mungu
Kila mtu aliona kwamba Bartimayo ni kipofu, lakini Yesu alimwuliza kwanza anataka afanyiwe nini. Nasi tumwulize mgonjwa kwanza. Paulo alivutwa pande mbili, kwenda kwa Kristo na kubaki kwa ajili ya wengine, wala hakuona haya kusema hivyo. Kwa hiyo anayekataa bomba hajajiua. Ugonjwa ndio unaomchukua. Anayelikubali naye hajakosa imani ya ufufuo. Tena mikono ya Musa ilipochoka, Haruni na Huri waliishika, huyu upande huu na huyu upande huu. Mke mmoja hawezi kukesha usiku 365.

5. Mambo ya kufanya
a) Mwulizeni mgonjwa mapema. Sauti ikiisha, kubalianeni alama ya macho: kufumba mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana.
b) Andikeni jibu lake na kumpa daktari. Ana ruhusa kulibadilisha.
c) Ulizeni: nani atakesha? Nani atalipa? Baadaye akichoka na mashine, sheria ya nchi hiyo inaruhusu iondolewe?
d) Akikataa bomba, ombeni huduma ya kutuliza. Mofini, ikitolewa na wanaojua, hupunguza taabu ya kukosa pumzi.
e) Sisi tulio mbali tusihukumu. Neno moja kwenye simu, "umemwua mwenzio" au "mbona unamtesa", laweza kukaa moyoni mwa mjane kuliko maombolezo yenyewe. Tuulize kwanza: "Mwenyewe alisema nini?" Kisha tuombe naye, na tusiache kupiga simu baada ya mazishi.

Maswali ya kujadili
1. Je, mwenzi wako anajua ungependa nini ukiugua namna hii?
2. Katika mtaa wetu, nani anauguza peke yake? Tutashika mkono wake siku gani?

Tuombe: Bwana, utupe kusikiliza kabla ya kusema, na nguvu za kukesha na wanaokesha. Amina.