Dondoo muhimu: Mtoto kabla ya darasa la kwanza

Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ilitaka mtoto asome elimu ya awali angalau mwaka mmoja. Usisubiri mwaka huo ufike.

Anza na kilichopo nyumbani. Msimu wa mavuno, Mbozi hadi Momba, magunzi na maharage hayakosekani uani. Mpe mtoto maharage kumi: ayapange mawili mawili, atenge mekundu na ya njano, agawane na wenzake sawa kwa sawa. Hapo anahesabu, anapambanua, anajifunza kuelewana na wenzake. Huniuma kumkuta mtoto wa miaka minne ameketishwa saa nzima akinakili irabu. Vidole vyake bado vinahitaji udongo wa kufinyanga, vifungo vya shati, kijiti cha kuchorea mchangani. (Anayetia kila kitu mdomoni asipewe punje wala vizibo vya soda.)

Watoto wengi huku huanza kusema kwa Kinyamwanga, Kinyiha au Kindali. Msiizime lugha hiyo. Bibi asimulie hadithi kwa lugha yake, kisha wewe uulize kwa Kiswahili: nani alifika kwanza? Ikawaje?

Tunduma mjini, malori yanayongoja kuvuka kwenda Nakonde humvutia kila mtoto. Hesabuni magurudumu mkiwa mmeshikana mikono, mbali na lami.

Kabla shule hazijafunguliwa Januari, ajue kwenda choo mwenyewe, kunawa mikono, na kutaja majina yake yote na ya mzazi.