Kuziba Ufa wa Kompyuta

Siku hizi kompyuta ya nyumbani imekuwa sanduku la hati. Huko Ulyankulu, mkoani Tabora, makazi yaliyoanzishwa mwaka 1972 kwa wakimbizi wa Burundi, wengi walipokea vyeti vya uraia wa Tanzania tangu mwaka 2014. Nakala ya cheti kama hicho yataka ulinzi.

Basi tuangalie adui huingiaje. Machi 14, 2017, kampuni ya Microsoft ilitoa sahihisho la kuziba ufa katika programu yake ya Windows. Mei 12, virusi vya WannaCry vilipenya ufa huo huo katika kompyuta zisizosahihishwa, vikafunga mafaili katika nchi zaidi ya 150, na wenyewe wakadaiwa dola 300 au zaidi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kwa hiyo yatupasa mambo manne:

Kwanza, kupokea masahihisho mara yatolewapo.

Pili, neno la siri liwe refu, wala asiambiwe mtu.

Tatu, kuweka nakala katika diski ya nje, kisha kuichomoa. Ikiachwa imechomekwa, nayo yaweza kufungwa.

Nne, kuzima mashine na kuchomoa umeme, ndipo kupangusa vumbi katika matundu ya hewa, kwani joto huiharibu.

Afanyaye haya mapema hatamlipa mwizi ili apate mali yake mwenyewe.