Siki ya Tufaha Isiyokatika: Namna ya Kuitengeneza Nyumbani na Mipaka Yake kwa Afya



Siku hizi ukikaa na Waswahili wenzako, iwe London au Muscat, hukosi kusikia habari za siki ya tufaha. Huyu anakunywa kupunguza unene, yule anakunywa kwa ajili ya sukari, mwingine anapaka kichwani. Wengi hununua chupa zenye "mama" ndani kwa bei ya juu. Katika somo la leo tutajifunza jinsi ya kuwa na chombo kimoja cha siki kinachoendelea kuzaa mwaka hadi mwaka. Tutaeleza pia lile ambalo siki haiwezi kukufanyia, na tafadhali usiliruke.

SIKI HUTOKEA VIPI?

Siki hupitia hatua mbili, na kila hatua ina wafanyakazi wake.

Hatua ya kwanza ni ya hamira. Hamira hula sukari iliyo katika juisi ya tufaha na kutoa pombe pamoja na gesi. Kazi hii haihitaji hewa.

Hatua ya pili ni ya bakteria wa siki. Hawa huichukua pombe ile na kuigeuza asidi, na lazima wapate hewa. Hukaa juu ya maji na kufuma utando laini kama jeli. Huo utando ndio mama wa siki.

Jambo hili si geni kwetu. Tembo la mnazi likiachwa wazi pwani huwa siki kwa njia hii hii. Mji wa Orléans, Ufaransa, ulipata sifa kwa siki ya mvinyo iliyotengenezwa bila kukatiza: mapipa hayakumwagwa yote, walichota sehemu ya siki na kujazia mvinyo mpya. Katika miaka ya 1860 mwanasayansi Louis Pasteur alionyesha kuwa kazi hiyo hufanywa na viumbe hai vidogo sana.

KABLA HUJAANZA

Fahamu kuwa katikati ya safari hii kuna pombe halisi. Nchi kadhaa za Ghuba zina sheria kali kuhusu kutengeneza pombe, hata nyumbani. Ukiwa huko, nunua siki iliyokwisha tayari. Kwa ndugu Waislamu, siki yenyewe ni kitoweo kilichosifiwa katika hadithi, lakini wanazuoni wametofautiana juu ya mtu anayegeuza pombe kuwa siki kwa makusudi. Muulize sheikh unayemwamini. Na chombo cha hatua ya kwanza kiwe mbali na watoto.

MAHITAJI

- Juisi ya tufaha lita 2, isiyo na dawa za kuzuia kuharibika. Soma karatasi ya chupa: ukiona sorbeti au benzoeti, iache, kwa sababu dawa hizo huizuia hamira.
- Hamira robo kijiko cha chai.
- Siki ya tufaha mbichi yenye mama, lita 1.
- Mtungi wa kioo wa lita 4 au 5 wenye mdomo mpana. Ukiwa na bomba la plastiki chini, ni bora zaidi. Usitumie sufuria ya bati, shaba wala aluminiamu, maana asidi hula madini.
- Kitambaa safi na mpira wa kukifungia.

UTENGENEZAJI

1. Osha vyombo vyote kwa maji ya moto na sabuni, suuza, kausha.

2. Tia juisi na hamira katika chombo kingine, ukiache robo yake tupu. Funika kifuniko bila kukaza. Ukikaza, gesi inaweza kupasua chupa. Weka mahali pasipo na jua kwa wiki 2 hadi 4, mpaka mapovu yaishe na utamu upotee.

3. Mimina taratibu, masimbi yabaki chini. Changanya na ile siki ya lita 1 pamoja na mama wake ndani ya mtungi. Mtungi usijae, kwani bakteria wanataka nafasi pana ya hewa.

4. Funga kitambaa ili hewa ipite na vijinzi vya matunda visiingie. Joto zuri ni nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi. Wakati wa baridi ya Ulaya au Marekani kaskazini kazi itakwenda polepole, basi usiwe na haraka.

5. Baada ya mwezi mmoja hadi mitatu, nusa na uonje. Harufu ya pombe ikishaisha na ukali ukikamilika, siki imeiva.

JINSI YA KUIENDELEZA BILA KUKATIKA

Chota theluthi moja tu, yaani lita 1 kati ya 3, kutoka chini ya mtungi. Halafu jazia lita 1 ya juisi iliyokwisha kuwa pombe. Imimine kwa mpira mwembamba uliopita pembeni mwa mama, ili asizame. Ni kama tunavyobakiza mtindi kidogo ili ugandishe maziwa ya kesho, ila hapa tunabakiza kingi na kuchota kidogo.

Kwa nini theluthi tu? Kwa sababu asidi inayobaki ndiyo mlinzi. Inazuia kuvu na vijidudu vingine wakati bakteria wako wanafanya kazi. Ukichota karibu yote, umewafungulia mlango.

Kwa nini usijazie juisi mbichi? Kwa sababu hamira haistawi ndani ya asidi, na sukari itabaki bila kuliwa. Kwa hiyo uwe na vyombo viwili daima: kimoja cha pombe, kimoja cha siki.

Usimsahau mama akakaa na njaa. Pombe ikiisha kabisa na hewa bado inaingia, bakteria huanza kula asidi yenyewe na siki hupooza. Uliyoichota ijaze chupa hadi shingoni na uifunge vizuri.

Mama akinenepa sana, mpunguze. Ukiona manyoya ya kijani, meusi au meupe juu yake, hiyo ni kuvu. Mwaga yote, osha, anza upya.

MIPAKA YA SIKI HII

Siki ya nyumbani hujui nguvu yake. Ya dukani hupimwa, na Marekani siki haipungui asilimia 4 ya asidi. Karatasi za rangi za kupimia asidi hazikuambii asilimia. Basi itumie kwenye kachumbari na saladi. Kwa achari ya kuhifadhi miezi mingi, nunua siki ya asilimia 5, maana asidi hafifu huruhusu sumu ya hatari kuzaliwa ndani ya chupa.

Ukitaka kuinywa, kijiko kimoja kikubwa ndani ya glasi ya maji, pamoja na chakula. Usiinywe kavu, itakula meno na kuchoma koo. Usiipake kavu kwenye ngozi, inaunguza. Wajawazito na wenye kinga dhaifu watumie iliyochemshwa kiwandani.

Sasa kuhusu sukari. Tafiti ndogo zimeonyesha kuwa siki pamoja na chakula cha wanga hupunguza kidogo kupanda kwa sukari baada ya kula. Ni kidogo, na si badala ya dawa. Ndugu yangu, ukiacha metformini au insulini kwa sababu ya siki, unaweza usihisi kitu kwa miezi, huku macho, figo na miguu vinaharibika kimya kimya. Ukiacha insulini, hatari inaweza kuja ndani ya siku chache. Na kama unatumia insulini, dawa za kukojoza au digoksini, zungumza na daktari kabla ya kunywa siki kila siku, kwani inaweza kushusha potasiamu au sukari kupita kiasi.

Mtunze mama wa siki jikoni, na dawa zako ziendelee kukaa kabatini mwake, zikinywewa kwa wakati.