Namna ya Kuchagua Hedifoni za Kusikilizia Okestra

Wenzangu wanafunzi, baadhi yenu mmeniuliza ni hedifoni zipi zifaazo kusikilizia muziki wa Beethoven na wenzake. Nimeona vema kuwajibu hapa, maana mimi nilijifunza jambo hili kwa hasara.

Mwaka jana niliweka akiba muhula mzima, kisha nikashuka kutoka Kanzenze hadi Gisenyi. Muuzaji aliniwekea wimbo wa ngoma nzito. Mdundo ukanitetemesha kichwa, nikalipa bila kuuliza neno. Kumbe! Nilipofungulia okestra bwenini, sauti nene zilimeza fidla zote. Usiku huo mvua ilipiga bati, nami nikaongeza sauti hadi mwisho ili nisikie filimbi. Asubuhi masikio yalinilia kama nyenje, na katika mazoezi ya kwaya sikuweza kuishika besi. Mlio ule ulikaa siku mbili, nikaogopa kweli kweli.

Basi, mafunzo niliyoyapata ni haya.

Kwanza, pima kwa sauti ndogo. Bolero ya Ravel, ya mwaka 1928, huanza na ngoma ndogo inayopigwa kwa sauti ya chini kabisa, kisha filimbi. Ala huongezeka moja moja hata okestra nzima inguruma. Nenda nayo dukani. Ikiwa ngoma ya mwanzo yasikika wazi, na mwishoni bado waweza kutenga tarumbeta na fidla, hedifoni hizo ni njema.

Pili, tazama umbo. Ziko zilizo wazi mgongoni: sauti yake ni pana kama ya ukumbini, lakini hazizuii kelele, na jirani yako atasikia yote. Ziko zilizofungwa, zinazofunika sikio lote. Kwa bweni la bati chagua hizi. Kelele ikizuiwa, huna haja ya kuongeza sauti.

Tatu, usidanganywe na maandishi ya boksi. Sikio la kijana husikia mitetemo tangu 20 hata 20,000 kwa sekunde, na hata hedifoni duni huandikwa tarakimu hizo. Liamini sikio lako.

Nne, lilinde sikio hilo. Kipimo kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma kwa mtu mzima, na desibeli 75 kwa mtoto. Kila zikizidi desibeli 3, gawa saa hizo kwa mbili.

Hedifoni zangu za sasa ni zilizofungwa, tena za waya, hazitaki kutiwa umeme. Mvua ikinyesha sana, nazivua nikangoja ikatike. Beethoven alikuwa kiziwi Simfonia yake ya Tisa ilipopigwa mara ya kwanza mjini Vienna mwaka 1824. Hakuwa na la kufanya. Sisi tunalo. Hedifoni mbaya hubadilishwa, wenzangu, lakini sikio halina duka.