Kilimambogo kwa Miguu

Ukiwa Ngoliba huna haja ya kuulizia mlima uko wapi. Inua macho kutoka kwenye mashamba ya mahindi, utauona ng'ambo ya mto Athi ukiwa peke yake, bila mlima jirani, mweusi kwa msitu. Wamasai waliuita Ol Donyo Sabuk, mlima mkubwa. Wengi wetu twauita Kilimambogo. Mbogo ni nyati, na jina hilo si pambo: wamo humo hadi leo.

Mbuga hii ya taifa ilitangazwa mwaka 1967. Ni ndogo, kilomita mraba zipatazo 20 tu, na kilele chake kina mita 2,145 juu ya usawa wa bahari. Mto ndio mpaka wa kaunti: Ngoliba ni Kiambu, mlima ni Machakos. Kutoka Thika panda matatu ziendazo Donyo Sabuk. Hushika Barabara ya Garissa, zikapita mashamba ya nanasi, kisha zikakata kulia kuelekea mtoni. Ukishuka sokoni, boda boda itakufikisha langoni kwa dakika chache.

Fika mapema, lango linapofunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Lipia kwa simu kabla ya safari, maana pesa taslimu hazipokelewi, na chukua kitambulisho. Maji yabebe kwenye chupa ya kudumu: tangu Juni 2020 chupa za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika mbuga zote za Kenya. Halafu omba askari wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, akusindikize. Usione haya wala usione gharama. Nyati aliyejitenga na kundi hulala kichakani hatua chache kutoka njiani, na askari hutambua kinyesi kibichi kabla wewe hujakikanyaga.

Njia ya kupanda ina urefu wa kilomita kama tisa. Magari yenye nguvu hufika juu, lakini nakusihi utembee. Anayepanda kwa gari hupata mandhari ya kileleni akaukosa mlima wenyewe. Chini ni vichaka na jua kali. Ukizidi kupanda, miti inakutana juu ya kichwa, hewa inapoa, na unasikia matawi yakitikisika kabla hujamwona kima. Simama hapo. Ukitulia dakika tano, mbega huenda akajitokeza na manyoya yake marefu meupe, na pongo akavuka njia bila kukujali. Mimi kipande hiki cha msitu nakipenda kuliko kilele chenyewe.

Kabla ya kileleni utafika kwenye makaburi ya William Northrup McMillan, tajiri mzaliwa wa St. Louis, Marekani, aliyemiliki shamba kubwa la Juja na kumkaribisha huko Theodore Roosevelt mwaka 1909. Alifariki 1925. Inasimuliwa kwamba alitaka kuzikwa kileleni, lakini jeneza likashindikana kufika, akazikwa hapo lilipoishia. Mkewe Lucie, aliyemjengea maktaba ya kumbukumbu jijini Nairobi iliyofunguliwa 1931, amelala kando yake.

Juu kuna milingoti ya mawasiliano, na kati yake upeo wa macho usio na kizuizi. Asubuhi ya Januari au Februari, kabla ukungu wa joto haujapanda, Mlima Kenya huonekana kaskazini, na siku iliyo safi kabisa Kilimanjaro kusini. Miezi ya mvua, Aprili na Novemba hasa, njia huteleza vibaya na mawingu hukalia kilele mchana kutwa.

Ukishuka na bado una nguvu, maporomoko ya Fourteen Falls yako karibu na soko la Donyo Sabuk, mto Athi ukijigawa juu ya mwamba mpana. Yatazame, lakini usiogelee wala usinywe: mto Nairobi humwagia Athi taka za jiji, na povu lile jeupe si la maji peke yake. Inauma kuliona chini ya mlima safi namna hii.

Uwe umetoka langoni kabla ya saa kumi na mbili jioni. Kula chapati na ndengu sokoni, kisha uwahi matatu ya Thika kukiwa bado na mwanga. Kaa dirishani upande wa nyuma, mlima utakusindikiza hadi mashamba ya nanasi.